Uso wa Adui wa Mwisho

4 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana. Haikufika hata nusu saa, lakini Bapak, baba yangu, ameziingiza ndani ngozi zote za nyati na kusema, "Basi, hadi Machi hazitakauka tena." Husema hivyo kila mwaka. Mwaka huu amesema kwa sauti ndogo, na wa kuzibeba pamoja naye nilikuwa mimi tu.

Naanza kuandika kwa kuwa tangu nimalize shule mwezi wa Juni sina wa kuzungumza naye. Wenzangu wamekwenda viwandani Karawang. Mimi nimebaki nyumbani kupaka rangi vikaragosi vya wayang, mchezo wa vivuli, anavyochonga Bapak kwa ngozi hizo. Huku kwetu wanaume huchonga, wanawake hupaka. Si kazi mbaya. Vikaragosi haviniulizi kwa nini niko kimya.

6 Novemba

Mvua. Nimepaka mikono kumi na minne ya majitu.

9 Novemba

Leo amekuja Kak Tiur kutoka Solo. Ni mwanamke wa Medan, na sauti yake hufika kabla ya pikipiki yake.

"Ning! Mbona umekonda hivyo? Huku hakuna wali?"

Ibu, mama yangu, akacheka jikoni. Nilikuwa sijasikia kicheko chake siku nyingi.

Kak Tiur alikuwa mwenzake kaka yangu, Mas Songko. Walikutana chuoni wakaanza kutengeneza gemu: yeye anaiandikia kompyuta maagizo, Mas anachora. Kila kitu kilichorwa kwa mkono, kwenye karatasi, picha moja baada ya nyingine. Bibi kizee anaruka juu ya ungo kutoka kushoto kwenda kulia, na kila anayemjia mbele anamtemea tambuu. Wanamjia mabata bukini, ndala zenye mabawa, sufuria ya wali yenye meno. Mas aliwahi kunifanya nicheke hadi nikakohoa kwa kunionyesha jinsi Bibi anavyofuta mdomo.

Kisha Machi Mas akapata homa ya dengi. Siku sita tu. Mara ya mwisho kumwona Kak Tiur ilikuwa siku ya maziko.

Leo amesema gemu imekamilika yote, isipokuwa adui wa mwisho. Karatasi za adui huyo Mas alizileta nyumbani kabla ya kuugua, zimo chumbani kwake. Tarehe 28 Februari kuna maonyesho Bandung, na amepata nafasi. Gemu isiyo na mwisho hawezi kuipeleka. Ikishindikana, atakwenda kufanya kazi Batam, na Bibi na ungo wake watabaki humo kwenye kompyuta bila mtu wa kuwafungulia.

"Wewe unachora. Songko aliniambia mkono wako unaushinda wake."

Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Ah, watu wa Java! Namuuliza yeye, yeye anaviuliza vidole!"

Bapak alikuwa barazani akichonga, na alisikia yote. Nyundo yake haikusimama. Miaka mitano iliyopita, Mas alipoacha patasi na kwenda Solo, Bapak alimwambia, "Nenda. Lakini usitake nitazame." Na hakutazama. Hata karatasi moja.

Nimemwambia Kak Tiur nitajaribu. Nilisema polepole sana hadi akaniomba nirudie.

10 Novemba

Nimezikuta. Karatasi ishirini na nne. Mtu mkubwa aliyejaza karatasi nzima, ameketi, anatazama kushoto, upande ambao Bibi hutokea. Sarungi yake ina kila mkunjo. Vidole vina kucha. Lakini pale penye uso pana weupe tu. Ishirini na nne, zote hazina uso.

Nilielewa mara moja. Katika karakana yetu uso huja mwisho. Bapak hufunga saumu siku hiyo, haongei na mtu, kisha huchonga jicho, na hapo ndipo kikaragosi huhesabiwa kuwa ni mtu. Mas alilelewa hivyo. Aliziweka nyuso zote kando kuisubiri siku yake.

Kuna pia orodha yake ya maadui. Bata bukini, pigo moja. Ndala, mapigo mawili. Sufuria, kumi na mawili. Mbele ya adui wa mwisho hakuandika kitu.

19 Novemba

Kak Tiur sasa huja kila Alhamisi na mashine ya kunakili karatasi. Amemwingiza yule mtu kwenye gemu vivyo hivyo, bila uso. Bibi anawamaliza wote, anga inakuwa tupu, kisha huyu anatokea kulia, anaketi. Hafanyi lolote. Bibi anatema, tambuu inampita.

"Mpe uso wowote," alisema Kak Tiur. "Wa mwenye nyumba wangu, kwa mfano."

Nimejaribu nyuso tisa. Zote zinafanana na picha kwenye sabuni. Mimi ni mpaka rangi, uso sijafundishwa.

Nikikaa peke yangu mbele ya skrini nahisi yule mtu ananisikiliza.

22 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Ngozi zimelegea, Bapak hana la kuchonga. Tumekaa baraza moja siku nzima na tumesema maneno kama saba.

26 Novemba

Kila Alhamisi Ibu huweka kikombe cha kahawa tamu mezani kwa Mas, maana ni mkesha wa Ijumaa, siku ambayo marehemu hurudi kutembelea. Leo nilikwenda kumletea Kak Tiur embe. Niliporudi, kikombe kilikuwa kitupu.

"Kahawa nzuri, lakini sukari! Mnataka niugue?"

Ibu akaingia, akaona kikombe, akaona midomo ya Kak Tiur.

"Ilikuwa ya Songko," Ibu alisema.

Kak Tiur akabadilika rangi. "Bu, samahani, Bu. Wallahi sikujua."

Yeye ni Mkristo, sijui kwa nini aliapa hivyo. Ibu alikaa kitandani akacheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akaenda kutengeneza kingine. Bapak barazani akauliza kuna nini. Nikampelekea embe.

3 Desemba

Kumetokea jambo. Kak Tiur alikuwa akicheza hatua ya mwisho, na ghafla akamrusha Bibi juu kama anayekwepa.

"Anapiga! Nani amemwambia apige?"

Hakuwa anapiga. Yalikuwa madoa madogo ya kijivu kwenye ule uso mtupu. Asubuhi tulikuwa tumenakili karatasi upya. Tulifuta kioo cha mashine mara tatu. Madoa yako kwenye karatasi.

Ni kuvu. Nyumba nzima ina kuvu msimu huu, hata viatu vya Bapak vya Idi. Lakini kwenye mwili wa yule mtu hakuna hata doa moja. Kuvu imeota usoni tu.

11 Desemba

Madoa yameungana. Ni mstari sasa, umepinda, wa kijani kibichi. Nimemwonyesha Ibu. Hakugusa.

"Karatasi za marehemu zikiota kitu," alisema, "ujue kuna anachotaka."

"Tuzichome?"

"Nani amekwambia uchome? Muulize anataka nini."

Sikuuliza. Nilifunga mlango.

12 Desemba

Mvua.

13 Desemba

Mvua. Chura ameingia kwenye chungu cha rangi nyekundu, ameacha nyayo mpaka jikoni.

17 Desemba

Sikuingia chumbani. Kak Tiur amekuja, nikamdanganya nina homa. Alinigusa paji la uso akasema, "Homa yako ni baridi sana," lakini hakunisukuma.

22 Desemba

Nimeingia. Kuna nyusi. Kuna pua. Kuna mdomo uliofungwa. Karatasi kumi na nane zina uso wa kuvu, unaoonekana wazi kabisa kuwa ni uso. Sita za mwisho ni nyeupe kama mwanzo.

Nililia kwa hofu. Mas hakuwahi kunitisha alipokuwa hai.

2 Januari

Nimejua.

Nilikuwa natafuta kifutio kwenye droo ya Mas, nikakuta kopo la gundi yetu, ile tunayochemsha kwa mabaki ya ngozi, na brashi iliyokauka humo. Na chini yake, kijitabu cha majani ya dhahabu, membamba kama utando, hakijafunguliwa.

Sisi tukitaka dhahabu ikae mahali kwenye kikaragosi, kwanza tunapachora kwa gundi. Gundi haionekani. Kisha dhahabu inawekwa, na pasipo na gundi hupeperuka. Mtu mwingine yeyote angechora kwenye karatasi kwa penseli. Mas alichora kama mtoto wa karakana. Alizichora nyuso, kumi na nane, kwa gundi, na alikuwa anangoja siku ya dhahabu. Kuvu inapenda gundi ya ngozi kuliko kitu chochote. Imeifuata mistari yake yote.

Kwa hiyo si mzimu. Nilikaa sakafuni nikapumua. Nikachukua karatasi ya kwanza nikaisogeza dirishani nione kazi yake vizuri.

Kwenye nyusi kuna pengo dogo, pale kipande cha patasi kiliporuka miaka mingi kabla sijazaliwa, kama anavyosimulia Ibu.

Adui wa mwisho ni Bapak.

3 Januari

Nimezificha chini ya godoro.

5 Januari

Siku zote nilidhani Mas hakuwa na kinyongo. Aliondoka huku akitania, alirudi kila Idi na biskuti, alibusu mkono wa Bapak. Kumbe alikuwa anachora. Alitaka watu wa Bandung, wasiotujua, waje mmoja mmoja wamtemee baba yetu tambuu usoni.

Leo nimemwekea Bapak kipande kikubwa cha samaki. Hakujua ni kwa nini.

9 Januari

Mvua. Nimemchukia Mas kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana.

14 Januari

Kak Tiur alisema, "Ning, nimeendesha pikipiki saa mbili ndani ya mvua. Leo huna homa. Nionyeshe."

Nikazitoa chini ya godoro. Nikamweleza kila kitu, gundi, dhahabu, nyusi. Hakutania. Alinakili zote kumi na nane, akaziweka kwa mpangilio, akazifanya zitembee.

Jicho lilisogea.

Karatasi ya kwanza limefumba. Ya pili limefumba, lakini ukope umelegea. Mimi nilikuwa nimetazama moja moja na sikuona. Zikitembea pamoja, ni mtu anayefumbua jicho polepole sana. Kufika ya kumi na nane limefika nusu. Halafu weupe.

"Huyu hapigi," alisema Kak Tiur. "Miezi yote natafuta atatupiga kwa kitu gani. Kazi yake ni kutazama tu." Kisha akasema, "Aliniambia mwisho utanikera. Mshenzi." Akafuta macho kwa mkono wa koti la mvua, na koti lilikuwa limelowa, kwa hiyo akalowa zaidi.

Amesema nimalizie sita. Zimebaki wiki sita.

20 Januari

Siwezi. Nimejua leo kwa nini siwezi. Sijawahi kumtazama Bapak usoni. Nani huku anamkazia baba yake macho? Akiniita naitika huku nimeinama. Naijua miguu yake, kidole gumba kilichopinda, mikono yake, kikohozi chake nakitofautisha na cha majirani. Nina miaka kumi na minane na sijui macho ya baba yangu yana rangi gani.

Mas aliyajua. Sijui aliyaona lini.

27 Januari

Mvua. Nimeharibu karatasi kumi na moja.

2 Februari

Mvua. Saba. Kak Tiur amepigiwa simu na watu wa Batam. Amewaambia atawajibu tarehe ishirini na saba.

8 Februari

Andika polepole, Wening, najiambia.

Asubuhi upepo uliinua vigae juu ya chumba cha Mas. Nilikuwa nimetundika karatasi kwenye kamba na vibanio vya nguo, zipate hewa, nikaenda kisimani. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi. Bapak alikuwa amesimama ndani na ndoo mkononi. Tangu Mas afariki hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Maji yalikuwa yanadondoka karibu na mguu wake na ndoo bado ameishika, na mbele yake kwenye kamba zilikuwa nyuso zake mwenyewe, kumi na nane.

Nilitaka kukimbia. Nikachukua ndoo mkononi mwake nikaiweka chini ya tone.

"Nani kachora?"

"Mas."

"Na hii kijani?"

"Kuvu, Bapak. Alipaka gundi, kwa ajili ya dhahabu. Hakuwahi kuiweka."

Alisogea karibu. Akakwangua kidogo kwa ukucha, akanusa.

"Nzito mno," alisema. "Mara mia nimemwambia. Gundi kipimo kimoja, maji vipimo vitatu. Yeye daima anamimina tu." Nikadhani amemaliza. "Angenisikiliza, isingeota. Tusingeona kitu."

Ni mara ya kwanza tangu Machi kumsikia akimtaja. Hakutaja hata jina. Alilalamikia gundi yake.

Kisha, "Hili ndilo lile gemu?"

"Ndiyo, Bapak."

"Mimi ni nani humo?"

Sijui kudanganya, hata nikitaka. "Adui wa mwisho."

Tone, tone, ndani ya ndoo.

"Angalau wa mwisho," alisema.

Alitembea kando ya kamba kutoka ya kwanza hadi ya kumi na nane, kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi, akafika kwenye nyeupe sita akasimama huko muda mrefu.

"Anafumbua," alisema.

"Ndiyo."

"Hakufika."

"Hakufika, Bapak."

Akapanda juu kurekebisha vigae, mvuani, bila kofia, na Ibu akampigia kelele hadi akashuka.

11 Februari

Kak Tiur alipofika leo, Bapak alikuwa anamngoja barazani. Amevaa shati safi. Nilidhani atamfukuza.

"Binti," alimwambia, "sufuria hupigwa mara ngapi?"

"Kumi na mbili, Pak."

"Na mimi?"

Safari hii Kak Tiur ndiye aliyevitazama vidole vya miguu yake. "Songko hakuandika, Pak."

"Nisishindwe na sufuria."

"Haiwezekani, Pak. Tutakuwekea nyingi."

"Picha ni ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Basi ishirini na nne. Kila pigo, jicho lifumbuke kidogo. Mimi si mwepesi wa kuamka."

Alisema kama mzaha, na Kak Tiur alicheka kwa adabu. Mimi sikucheka. Nilimwona alivyoshika ukingo wa benchi.

Kesho nitachora. Yeye ndiye aliyesema. Amesema atafunga.

12 Februari

Nimemaliza sita. Nitaandika siku nyingine.

16 Februari

Bapak amechanganya gundi mwenyewe, kipimo kimoja kwa vitatu, akaipitisha juu ya mistari yote ya kuvu kwa brashi ya nywele tatu, na kwenye sita zangu pia. Ameweka dhahabu kwa pumzi, kama kawaida, jani moja moja. Hakusahihisha mstari wangu wowote. Nilisubiri asahihishe.

20 Februari

Dua ya mwaka mmoja wa Mas, kwa hesabu ya kalenda ya mwezi. Majirani arobaini. Hapakuwa na mvua. Nimeosha sahani.

26 Februari

Kak Tiur amekuja mara ya mwisho kabla ya Bandung. Amecheza hatua yote tangu mwanzo, sisi tumesimama nyuma yake, mimi na Ibu. Bapak alibaki barazani, alisema ameshaona. Bukini, ndala, sufuria. Kisha anga tupu, na Bapak anaingia na uso wa dhahabu, anaketi. Pigo la kwanza, la pili. Ibu alikuwa anahesabu kwa kunong'ona. La ishirini na nne, jicho likawa wazi kabisa.

Kak Tiur akamrusha Bibi juu, akamshusha chini.

"Ning, mboni umeikosea. Ona, hamtazami Bibi. Anatazama nyuma yake, ukingoni mwa skrini. Huko sisi hatukuchora kitu. Nipe dakika mbili nisogeze."

"Iache," nilisema.

"Lakini mchezaji atadhani ni kosa."

"Iache, Kak."

Akageuka akanitazama. "Leo unaniamrisha?"

"Ndiyo."

Alinitazama kidogo zaidi, kisha akacheka, akafunga kompyuta, akaifunga ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Ameondoka saa tisa.

Sasa niandike ya tarehe kumi na mbili.

Bapak aliketi kwenye kigoda karibu na dirisha. Mimi niliketi mbele yake na ubao magotini, na nyuma yangu hapakuwa na kitu ila kitanda cha Mas. Nilianza kwa kuinama, nikasikia akisema, "Nduk, mwanangu, miguu yangu haina mboni." Nikainua uso. Macho yake ni ya kahawia, la kushoto lina uzi mwekundu. Kwenye karatasi nne za kwanza alinitazama mimi, na mimi nilimtazama yeye, na haikuwa ngumu kama nilivyoogopa.

Katika ya tano macho yake yakahama. Yakapita juu ya bega langu. Hayakuwa macho ya huzuni. Yalikuwa kama unavyomtazama mtu aliyeingia na hujui bado kama atakaa.

Mvua ilikuwa imepumzika. Nilisikia kitanda kikilia, mara moja, kama kinavyolia kinapokaliwa.

Nilichora mboni ilipokuwa, na ya sita pia, mpaka mwisho wa ukope. Sikugeuka.